Mwembe msiukate: mimea ya kudumu inayokaa kivulini

Swali limetoka Kigamboni, kwa mama mmoja wa Mjimwema:

"Shikamoo bwana shamba. Tumehamia kwenye nyumba ya wakwe zangu huku Mjimwema. Uwanjani kuna mwembe mkubwa, kivuli chake kimefunika nusu ya kiwanja na chini ni vumbi tupu. Kwa miaka miwili nimepanda waridi, nimepanda asumini, vyote vimekufa. Nyuma ya nyumba, upande wa kusini, kuna uchochoro wa mita moja na nusu kati ya nyumba na ukuta, una unyevu na ukungu. Wifi yangu aliyeko Uingereza amenitumia picha za bustani yake ya kivulini. Ana mimea inaitwa hosta, mizuri mno, na inarudi yenyewe kila mwaka. Nataka ya aina hiyo, nipande mara moja ikae. Nina watoto wawili wadogo, na maji yetu ni ya kisima, yana chumvichumvi. Mume wangu ameshanunua vitofali vya pevingi mia tatu, anasema nikishindwa safari hii anakata mwembe na kusakafia pote. Nisaidie."

Marahaba mwanangu.

Nianze na mumeo, kwa sababu yeye ndiye mwenye shoka. Mwambie namwomba asubiri masika moja. Mwembe wa umri huo haununuliki, na mkishauangusha, joto la mwezi wa kwanza na wa pili mtalipokea ndani ya nyumba. Nimefanya kazi ya bustani katika mji huu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi kuambiwa chini ya mwembe hapaoti kitu, na karibu kila mara nimekuta jambo lilelile: watu wanalaumu giza, kumbe kinachoua ni kiu na ufagio.

Jaribu hivi kesho asubuhi. Chukua panga, sogea hatua tatu kutoka kwenye shina, chuchumaa, uchimbe kishimo cha ukubwa wa kikombe cha chai. Juu kabisa utakuta vumbi la kijivu, jepesi kama unga. Vidole viwili chini yake panga litaanza kukwama kwenye wavu wa vimizizi vya rangi ya kahawia, vyembamba kama nyuzi za makumbi, vimeshikana hivi kwamba ukivuta kimoja udongo wa pembeni nao unainuka. Hiyo ndiyo midomo ya mwembe. Mzizi mkuu umezama mbali chini, lakini mizizi ya kula na kunywa imejaa hapo juujuu. Ukimwaga ndoo ya maji kwenye waridi lako, mwembe unakunywa kwanza na waridi linaachiwa mabaki. Hata mvua ikija, ile ya dakika kumi inaishia kwenye majani, haifiki chini. Sasa waridi na asumini ni mimea ya jua, umeipeleka mahali isipoona jua wala kupata maji. Ilikuwa haina namna.

Suala la ufagio ni zito zaidi, na najua nagusa malezi ya watu. Uwanja uliofagiwa alfajiri, wenye mistari ya fagio la chelewa, ndiyo heshima ya nyumba. Mama yangu alinifundisha hivyo na namshukuru. Lakini siku moja panda gari mpaka Pugu, uingie kwenye msitu wa hifadhi pamoja na walinzi wake, uinue majani yaliyoanguka chini ya mti wowote. Utakuta udongo mweusi, wa baridi, unaonuka mvua hata kama mvua imekatika wiki tatu. Pale hakuna anayefagia. Yale majani ndiyo chakula cha mti, na ndiyo blanketi linalozuia maji yasikauke. Wewe kila asubuhi unakivua kiwanja chako blanketi hilo na kukipeleka jalalani, pamoja na ngozi nyembamba ya udongo inayokwenda na fagio. Ikipita miaka kumi ya kufagia, mizizi ya mwembe inabaki wazi kama mishipa ya mkono wa mzee. Kwa hiyo fagia baraza, fagia njia, fagia mbele ya mlango. Chini ya mwembe, acha.

Kuhusu hosta, mwanangu, nakusihi usitume hela. Asili yake ni Japani, Korea na China, na mwili wake umezoea kulala wakati wa baridi kali: majani yanakufa, kiini kinapumzika ardhini kwa wiki nyingi za baridi, ndipo kinaamka. Usiku wetu wa baridi kabisa, ule wa mwezi wa saba, unacheza kwenye nyuzi 18 au 19. Hosta ikifika hapa hailali. Mwaka wa kwanza itakupa majani, wa pili itatoa machache, wa tatu utakuwa unamwagilia udongo. Astilbe na heuchera, ambazo nazo husifiwa sana kwenye bustani za kivuli za huko, hazina mwisho mzuri hapa pwani.

Na wifi yako mwulize ana maua gani sebuleni. Sitashangaa akikutajia Zamioculcas, ile ambayo wauzaji wengi huiita kwa herufi mbili tu, ZZ. Au lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, Saintpaulia. Zote mbili ni za kwetu. ZZ inaota yenyewe kwenye misitu mikavu ya ukanda huu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwemo. Saintpaulia ni ua la Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kwa jina la familia ya ofisa huyo. Tangu hapo dunia nzima inalipanda madirishani. Inaniuma nikipita vitaluni na kukuta watu wanatafuta mimea ya kivuli ya Ulaya, wakati Ulaya inakuja kuchukua mimea ya kivuli kwetu.

Kabla ya kununua chochote, pima kivuli chako, maana vivuli vinatofautiana. Saa sita na nusu mchana weka karatasi nyeupe chini, nyoosha mkono juu yake kwa kimo cha rula moja ya shule. Kivuli cha vidole kikionekana na kingo kali, hapo pana mwanga mwingi. Ukiona umbo la mkono lakini kingo zimefifia, hicho ni kivuli cha kati, na mimea mingi nitakayokutajia inakipenda. Usipoona umbo lolote, ni kivuli kizito, na cha kupanda hapo ni kichache. Fanya hivyo karibu na shina, katikati, na ukingoni mwa matawi. Nakuhakikishia utapata majibu matatu.

Kama karibu na shina pana giza kabisa, msaidie mwembe apumue. Maembe yakishaisha, mwezi wa pili hivi, tafuta mkata miti anayejua kazi, aondoe matawi ya chini yaliyo chini ya mita tatu na yale yaliyokaukia ndani. Msizidishe robo ya matawi kwa mwaka. Watoto wakae mbali siku hiyo, utomvu wa mwembe unababua ngozi. Mwanga wa asubuhi na wa jioni utaingia kwa pembeni, na huo ndio mwanga ambao mimea ya kivulini inautaka. Jua la saa saba mchana huichoma.

Sasa mimea yenyewe. Hapa chini ya mwembe unatafuta mimea yenye akiba yake ya maji, isiyogombana na mti.

ZZ ni ya kwanza. Ina viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji, na inaweza kukaa mwezi mzima wa kiangazi bila kumwagiliwa, majani yakabaki yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nunua michache, mingine utaizalisha: kata kijani kimoja, yaani jani dogo, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kisahau. Itachukua miezi mingi, hata nusu mwaka na zaidi, lakini kitafanya kiazi. Inachukia maji mengi kuliko kitu kingine chochote.

Ya pili ni sansevieria, ambayo wengi tunaiita mkonge mwitu. Ipo ya majani marefu kama upanga na ipo fupi inayokaa kama kikapu. Hii fupi ndiyo nzuri kupanda kwa makundi katikati ya mizizi. Inavumilia chumvi ya kisima chako kuliko nyingi. Jambo moja ambalo wauzaji hawasemi: ile yenye ukingo wa njano ukiizalisha kwa kukata jani, watoto watatoka kijani tupu. Ukitaka njano ibaki, gawanya shina na mizizi yake.

Halafu masale. Kama una jirani Mchaga atakueleza mengi kuliko mimi. Kwao isale ni mmea wa mpaka na wa msamaha, mtu anayekuja na jani lake mkononi hafukuzwi. Ni drasena, Dracaena fragrans kwa jina la kitaalamu. Inakua kwenda juu, inavumilia kivuli kizito, na ukiikata kichwa inachipua pembeni. Ipande nyuma, karibu na ukuta, iwe pazia. Maua yake yakifunguka usiku harufu inafika barabarani. Kata kijiti cha urefu wa mkono, kichomeke ardhini wakati wa masika, basi.

Kwa kufunika ardhi, tumia Chlorophytum, ile yenye majani membamba ya kijani na mstari mweupe, inayoning'iniza watoto kwenye vikamba. Kila mtoto akigusa udongo anashika mizizi. Ukinunua minane mwaka huu, mwakani una themanini. Ncha za majani zitakauka kidogo kwa chumvi ya maji, usihofu, zipunguze kwa mkasi. Panapofika unyevu kidogo zaidi, labda karibu na bomba la kunawia, weka kangaga, lile refu la pwani ambalo huota lenyewe kwenye mabonde na hata kwenye makwapa ya michikichi. Tafadhali usiende kuling'oa msituni Pugu, pale ni hifadhi. Vitalu vya pembeni mwa Barabara ya Bagamoyo wanalo, na shina moja linatambaa na kujaza eneo kwa miaka miwili.

Kuna kimoja cha kukufurahisha, maana najua hiyo mingine yote ni majani. Scadoxus multiflorus ni tunguu la porini kwetu. Miezi ya ukame huoni kitu, umeshasahau kama ulipanda. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, linatokeza shina tupu na juu yake tufe jekundu la maua, kubwa kama dafu dogo, ndipo majani yanafuata. Linakaa chini ya miti bila shida kwa sababu muda wote wa kiu lenyewe limelala. Hilo ndilo "linarudi lenyewe kila mwaka" ulilokuwa unalitafuta kwa hosta. Ila ni sumu likiliwa, na hapo nitarudi.

Moni planti usiipande ardhini chini ya mwembe. Kwenye chungu ni kitu kizuri. Ikipata shina la kupanda inageuka tabia: majani yanakuwa makubwa kama sinia, inafika kwenye matawi, na kuitoa huko juu ni kazi ya wiki nzima.

Ukingoni, pale jua linapopata nafasi saa tatu au nne kwa siku, kama unataka nyasi tafuta nyasi za Pemba, zile za jani pana. Zinastahimili kivuli cha kiasi na zinastahimili chumvi, ni nyasi za pwani. Ukoka wa kawaida utakufia.

Namna ya kupanda ndiyo inayoamua kama safari hii utafaulu, kwa hiyo hapa nisikilize kwa makini. Usimwage lori la udongo mweusi juu ya mizizi. Mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, kwenye nyumba ya mtu aliyeniamini. Tulimwaga toroli kama ishirini, tukainua ardhi mpaka magotini kuzunguka mwembe, tukapanda maua mazuri sana. Mwaka uliofuata matawi ya juu yakaanza kukauka, gome lililofukiwa likaoza, na mwaka wa tatu mti ukakatwa. Mizizi ile inahitaji hewa. Mboji utakayotandaza isizidi unene wa vidole vitatu, na isiguse shina, acha nafasi ya urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Nunua miche midogo, ile ya kwenye viriba, hata kama muuzaji anakuonyesha mikubwa iliyochanua. Mmea mdogo unajipenyeza katikati ya mizizi ya mwembe na kuizoea. Mkubwa unataka shimo kubwa, na shimo kubwa ni kukata mizizi. Shimo lako liwe la kibakuli cha uji. Ukikuta mzizi mnene kuliko kidole gumba, usiukate, sogeza shimo. Huo mchanga wa Kigamboni haushiki maji wala mbolea, kwa hiyo kila shimo lipate mafumba mawili ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, iwe haina harufu, pamoja na fumba moja la makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa usiku kucha. Makumbi yanashika maji kama sponji, na huko kwenu yanatupwa bure. Samadi ya kuku mbichi usithubutu, inaunguza.

Anza na mraba mmoja tu wa mita mbili kwa mbili, karibu na baraza mnapokaa jioni. Mche na mche uachane sentimita 30, itaingia kama arobaini. Panda mvua za masika zikishalowesha ardhi, ukichomeka kidole chote unakuta unyevu hadi mwisho. Kwa kawaida ni kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu. Ukichelewa, subiri vuli, mwezi wa kumi na moja, ingawa vuli huwa haina ahadi. Mvua zikikatika, mwagilia mara mbili kwa wiki, asubuhi, lita moja kwa kila mche, taratibu, kwenye udongo. Ni ndoo mbili kubwa kwa mraba mzima. Kunyunyiza kidogokidogo kila jioni kunainywesha mizizi ya juu ya mwembe na kuiacha miche yako na kiu. Fanya hivyo miezi mitatu, baadaye mara moja kwa wiki, na miche ikishatimiza mwaka utaangalia tu mwezi wa kwanza na wa pili.

Mwisho kabisa tandaza majani ya mwembe yenyewe juu ya udongo wote, kimo cha vidole vinne, yasifunike vichwa vya miche. Ni magumu kama ngozi na huchelewa kuoza, kwa hiyo yakatekate kwa panga kwanza. Hayo ndiyo matandazo yako na ndiyo mbolea ya mwakani. Maembe yaliyoanguka tu ndiyo uyaokote kila siku, uyafunge kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani, la sivyo inzi wa matunda watazaliana humo na kurudi mtini.

Chumvi ya maji nayo isikukatishe tamaa. Ukiona unga mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimekauka, ujue chumvi imejilimbikiza. Masika yataisafisha. Lakini kwa nini usivune mvua? Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Upande mmoja wa paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20, ni lita 1,200, na hata yakipotea kidogo kwenye mfereji, simtanki la lita 1,000 limejaa kwa mvua moja. Kama mna kiyoyozi, maji yanayodondoka kwenye kile kimpira hayana chumvi kabisa, yakinge kwenye ndoo. Hayo ni ya mimea ya uchochoroni.

Uchochoro, basi. Wewe unauona kama tatizo, mimi ninauonea wivu. Ila umeniandikia kuhusu unyevu na ukungu, kana kwamba hauoni jua kabisa, na hapo naomba uangalie tena, kwa sababu Dar jua linahama. Tuko nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia takriban tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la mchana linapita upande wa kusini, na miezi mingine linapita kaskazini. Mwezi wa sita nyumba yako yenyewe inaufunika uchochoro wote. Mwezi wa kumi na mbili, ukuta wa mita 2.4 unatupa kivuli cha sentimita 70 tu mchana, kwa hiyo nusu ya uchochoro iliyo upande wa nyumba inapigwa na jua kali utosini. Watu wanapanda Julai pakiwa pazuri, Desemba majani yanaungua, wanasema wamelogewa bustani. Mimea laini iweke upande wa ukuta. Upande wa nyumba weka kangaga na Chlorophytum, na acha nafasi ya mguu kupita katikati.

Upande wa ukuta ndiko kwa kalathea, zile zenye majani yaliyochorwa kama kitenge, ambazo jioni huyasimamisha kama mikono inayoomba dua. Kwa macho yangu zinaishinda hosta. Zipe mboji nyingi, makumbi mengi, na yale maji ya kiyoyozi au ya mvua. Maji ya kisima yatazichoma kingo. Katikati yake weka Impatiens, ua la kivulini la Afrika Mashariki, lenye rangi ya waridi, nyekundu, nyeupe. Ulaya baridi inaliua kila mwaka, hapa linadumu, ingawa baada ya mwaka linarefuka na kuvuka pembeni. Masika yakianza likate libaki theluthi, na vichwa ulivyokata vichomeke, vitashika. Lile ua la Usambara liweke barazani ndani ya chungu kidogo, mahali pasipofika jua la moja kwa moja, na ulimwagilie kwa chini, maji yasiguse majani.

Uchochoro una unyevu, sawa, lakini hakikisha ni unyevu wa ardhi na si karo linalovuja. Kama linanuka, mwite fundi kwanza. Na mimea ikae nusu mita kutoka kwenye ukuta wa nyumba, ukuta nao unahitaji kukauka.

Kwa ajili ya watoto, kuna familia moja ya mimea ya kivuli ya kuwa nayo macho: Dieffenbachia, ile ya majani mapana yenye madoa meupe, magimbi ya mapambo, filodendro, monstera, na ZZ pia. Utomvu wake una vijisindano ambavyo macho hayavioni, mtoto akitafuna jani mdomo na ulimi vinawaka na kuvimba. Ikitokea, mfute mdomo, msukutue, mpe maji ya baridi, na mkimbize hospitali akivimba koo au kupumua kwa shida. Mimi kwa nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano Dieffenbachia siiingizi kabisa. ZZ ipande ndani ya bustani, nyuma ya sansevieria, na Scadoxus mbali na wanapochezea. Kangaga, Chlorophytum, kalathea na ua la Usambara hazina neno, hata mtoto akiling'ata jani.

Mbu wa dengi unawajua, Dar tumeugua mwaka 2014 na tena 2019. Huyu huuma mchana, anapenda kivuli, na huzaa kwenye maji kidogo tu: kisahani cha chungu, kifuu, kopo, hata kwapa la jani linalokinga maji. Ndiyo maana sikutajii bromelia, ingawa ni nzuri. Visahani vimwage kila baada ya siku nne, vifuu vipindue.

Konokono watakuja masika, wale wakubwa, na kitu wanachokipenda ni Impatiens. Dawa usinunue. Toka saa mbili usiku na tochi, vaa glavu, waokote kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Usiku tano mfululizo utakuwa umewapunguza. Watoto wasiwashike, wanabeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu. Na nyoka, ambao najua mama mkwe atawataja: mimea niliyokupa karibu yote ni mifupi, haifiki kiunoni. Nyoka anatafuta rundo la mbao, matofali yaliyopangwa ovyo na panya. Hayo yaondoeni, na mbele ya mlango pabaki wazi mita moja na nusu.

Tumebaki na vitofali vya mumeo. Visirudishwe dukani. Kama ni vile vya kawaida vya sentimita 20 kwa 10, mita moja ya mraba inakula hamsini, kwa hiyo mia tatu vinatosha mita sita za mraba: njia ya upana wa sentimita 60 na urefu wa mita kumi, kutoka geti, ikipinda chini ya mwembe hadi barazani. Avipange juu ya mchanga tu, bila zege, umbali wa mita mbili kutoka kwenye shina, akifuata mizizi mikubwa ilivyokaa na asiikate. Maji yatapenya katikati ya vitofali, watoto watapita bila kukanyaga miche, na hiyo njia ndiyo utakayokuwa unafagia kila asubuhi.